Makofi Matatu Kwenye Majani Chai

"Wewe mwalimu, nani alikutuma ufundishe mtoto wangu kuita wafu?"

Janeffer alisimama mlangoni, leso begani, amemshika bintiye Nelvine mkono, sauti yake imeshafika hadi kwa fundi wa baiskeli. Syprose aliacha sufuria aliyokuwa akisugua.

"Mama Nelvine, pole pole! Kwa nasari yangu tunakata maneno tu. Cha-i, makofi mawili. Ma-ji, mawili. Mtoto asiposikia vipande vya neno atasomaje?"

"Na Tap-nyo-lei? Hiyo nayo ni chai?"

Wachumaji wa chai waliokuwa wakipita walitua vikapu. Hapo Mogogosiek ugomvi wa majirani ulishinda redio yenye betri mpya.

Wiki hiyo Syprose alikuwa amewaambia watoto walete majina ya nyumbani wayapigie makofi. Nelvine, wa miaka mitano, alileta hilo la Tapnyolei, na kila akilipiga alipiga na chafya. Syprose, mtu wa kutoka ziwani, alidhani ni baridi ya milima hii.

"Ni jina la mama ya mzee wangu, baba ya huyu," Janeffer alisema, sauti imeshuka. "Alikufa kabla huyu azaliwe. Kwangu halijatajwa hata siku moja. Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wazee wanamtajia majina ya waliokufa, moja moja, mpaka apige chafya. Lile la chafya ndilo lake. Mimi nilizalia Kapkatet, hospitali, nikasema hayo ni ya zamani, sisi ni watu wa kanisa." Akamvuta Nelvine. "Kesho namtoa. Na wale watoto kumi na sita wa majirani niliokuletea, nawatoa pia."

Kumi na sita! Hilo ndilo darasa lenyewe. Bila wao Syprose angebeba godoro lake arudi kwa mamake, achekwe.

Akachuchumaa. "Nelvine, nani alikufundisha hilo jina?"

"Kogo."

"Nyanya gani, mama? Yuko wapi?"

"Huko kwa chai. Nikipiga, anapiga. Anasikia baridi."

"Mnasikia? Mchezo wa watoto," Syprose aliwaambia watu. "Hebu piga, waone."

Nelvine akapiga makofi matatu, akapiga chafya.

Ilikuwa saa tisa mchana, lakini ukungu ulishameza shamba lote. Humo ndani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akichuma, viganja vikavu vikajibu polepole. Pa. Pa. Pa.

Wale wa vikapu waliondoka bila kuaga. Janeffer alimshika Syprose mkono, kucha zikimwingia. "Mwalimu, usiniache peke yangu."

Waliingia jikoni kwa Janeffer. Akapakua kimnyet, ule ugali wa wimbi, akamimina mursik, maziwa yaliyoganda, kutoka kwenye kibuyu. Akapanga vigoda vinne. Wao walikuwa watatu.

"Na watoto wangu wa nasari?" Syprose alinong'ona.

"Kesho utafundisha. Kwanza huyu wa huko nje ale."

Makofi yakasikika tena, sasa karibu na zizi. Ng'ombe akarudi nyuma. Janeffer akafungua mlango wote, akainua mikono kama mtoto wa nasari.

"Tap. Nyo. Lei," aliita, akipiga. "Ingia, kogo. Chakula kinapoa."