Nchi Yenye Miezi Miwili

Mbalamwezi ikiwa kubwa, Katonga, mwalo wetu wa wavuvi, hulala. Dagaa wa ziwa letu hawavuliwi kwenye mwanga. Huvuliwa gizani, kwa taa, maana taa ndiyo inayowahadaa wakapanda juu. Mwezi ukijaa, taa ya mvuvi haina kazi, na mvuvi mwenyewe hana kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanawake waanikaji wanabaki majumbani wakisukana na kuchambana.

Ndiyo maana alasiri ile ya Alhamisi Mwasiti alikuwa kwake Ujiji, ameshasali, tasbihi bado mkononi, akimwangalia bintiye Ummy akichora. Karibu yake, juu ya bakuli lililofunikwa, ilianikwa kofia ya viua. Ilikuwa ya mumewe, Kassimu. Kila Alhamisi Mwasiti huifua, akaipaka uwanga, akaivika bakuli ili ikauke na umbo lake. Tayari kwa Ijumaa. Mwenye kuivaa hakuwepo.

Kassimu alitoka giza moja kwenda kuvua, dhoruba ikapiga. Mtumbwi ulikutwa Kagunga, mbali kaskazini mpakani, umepinduka, yeye hakukutwa. Shekhe amekwisha kuja nyumbani zaidi ya mara moja: muda ambao sheria inampa mke wa aliyepotea umepita, tumsalie mwenzetu sala ya ghaibu, nawe ukae eda upewe pole yako. Mwasiti hujibu kwa adabu, "Tusubiri kidogo, shekhe wangu." Kidogo hicho kimekuwa miaka. Watu humwita mjane, naye haitikii wala hakatai.

Ummy naye alisubiri kwa namna yake. Alikuwa amezama kwenye manga, zile katuni za Kijapani vijana wanazosoma kwenye simu: mtu wa kawaida anapata ajali, anazinduka kwenye ulimwengu mwingine, anakuwa shujaa. Akaanza kuchora yake. Mvuvi wa Kigoma anazama, anazinduka kwenye nchi yenye miezi miwili isiyotua, anaua joka, mfalme anampenda. Mvuvi huyo jina lake Kassimu, hata hakulificha. Kila sura akiimaliza anaipiga picha na kuitupa mtandaoni, na kesho yake wasomaji walikuwa wanaingoja ya mwisho. Wote walikuwa na swali moja: je, atarudi kwao?

Mwasiti naye alilingoja jibu hilo, ila ungemuuliza angekuambia anahesabu tasbihi.

"Hebu nione," alisema. Aliinua karatasi, akaisogeza mbali na macho kama mtu anayenunua kitenge. "Miezi miwili. Na haitui?"

"Haitui, mama. Si pazuri?"

"Pazuri. Wanakula nini?"

"Wanakula nini vipi?"

"Umechora ziwa, umechora mji, umechora askari wamejaa kama siafu. Mwanga usiku na mchana. Dagaa watavuliwa lini? Hao askari wanakula mapanga yao?"

"Mama bwana! Ni nchi ya maajabu hiyo."

"Hata maajabu yanashikwa na njaa."

Hodi ikapigwa na mpigaji akawa ameshaingia. Alikuwa Honorata, jirani, Muha wa watu, waliyeanika naye dagaa Katonga tangu wote wawili wana kiuno chembamba. "Mwidiwe humu!" alisalimu kwa Kiha. "Nasikia mnagombania ufalme?"

"Mwulize mwanao," Mwasiti alisema. "Ana nchi haina dagaa."

Honorata akachungulia. "Na chumvi mnatoa wapi? Sioni Uvinza hapa. Na ushuru wa mwaloni anachukua nani, joka?"

"Joka limeshakufa, ma'mdogo."

"Basi mmekwisha. Joka likifa wanabaki watoza ushuru." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona karatasi ya pili, akainua nyusi. "Ehe! Huyu mwenye taji ni nani, mbona kamshika Kassimu mkono?"

Ummy aliinamisha kichwa. "Binti mfalme. Sijaamua bado. Kwenye hizi hadithi shujaa huwa anamwoa, anapewa nusu ya nchi."

"Mwasiti, mwenzangu, umeletewa mke mwenza kwa kalamu ya risasi!"

"Mtu akifa anakwenda alikoandikiwa na Mola wake," Mwasiti alisema. "Haendi kwa binti mfalme."

"Mimi sijasema amekufa, mama," Ummy alisema polepole. "Wewe ndiye umesema."

Honorata, ambaye mdomo wake mwepesi lakini moyo wake una huruma, alikumbuka ana maharage jikoni. Akaaga, akaondoka.

Walibaki wawili na kofia. Mwasiti angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyezoea kuchambua dagaa na mchanga hawezi kuacha jiwe likapita.

"Tena hilo la nusu ya nchi ni uongo," alisema. "Mfalme gani anampa nchi mtu aliyetoka majini? Ndugu zake mfalme wamekaa tu wanatazama? Mgeni hapewi nchi. Mgeni anapewa ndugu. Hapa kwetu wazee walikuja na misafara, hawana mjomba, hawana shangazi, hata lugha hawana. Wakaozwa. Ukioa umepata shemeji. Ukiwa na shemeji una wa kukutetea barazani, una wa kukuonyesha pa kuegesha mtumbwi. Mtu peke yake ugenini ni nyama ya kila mtu. Asipooa..."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, yametoka, hayarudishiki.

Ummy hakumcheka. "Asipooa hawezi kuishi huko," alimalizia kwa upole. "Kwa hiyo ama aoe, ama arudi. Mama, nikimrudisha kesho wote watafurahi. Na wewe utafurahi. Nimrudishe?"

Mwasiti alitazama nje. Kuta za jirani zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kwa jua. Alimwona Kassimu akiingia mlangoni, suruali imekunjwa, ananuka ziwa, anauliza kofia yake iko wapi. Alimwona wazi, kama alivyokuwa akimwona kila Alhamisi. Alitaka sana kusema ndiyo.

"Kwa nini ulimwekea miezi miwili?" aliuliza badala yake.

"Ili aone njia. Alipotea gizani."

Ndipo machozi yakamshuka, bila kelele.

"Mwanangu, baba yako giza ndiyo ilikuwa kazi yake. Kagunga mpaka Katonga alikuwa anakuja na nyota mbili tu na harufu ya moshi wetu. Njia aliijua." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Angekuwa anaweza kuja, angeshakuja."

Ummy alimwegemea begani. Walikaa hivyo hadi tasbihi ikateleza na kuanguka mkekani, na hakuna aliyeiokota.

"Futa miezi," Mwasiti alisema mwishowe. "Yote miwili. Mpe giza, mpe taa, afanye kazi. Mwanamume asiye na kazi hata peponi atanuna."

"Na binti mfalme?"

"Asiwe binti mfalme. Wanawake wa ikulu hawajui kuanika. Mtafutie mtu wa mwaloni, mwenye kaka wengi." Kisha akaongeza, "Asiwe mzuri sana."

Ummy alicheka huku analia, akachukua kifutio. Mwezi wa kwanza ukafutika, halafu wa pili, na karatasi ikabaki na alama mbili za kijivu.

"Kesho nenda kwa shekhe kabla ya adhuhuri," mama yake alisema. "Mwambie mama yuko tayari. Wamsalie. Na upite kwa ma'mdogo wako aniazime kaniki ya kukalia eda, mimi sina."

"Sawa, mama."

Mwasiti aliichukua kofia kutoka juu ya bakuli. Ilikuwa imekauka vizuri, imesimama. Hakuirudisha kwenye msumari wake ukutani. Aliiweka mbele ya bintiye, pembeni ya karatasi.

"Mchoree hii," alisema. "Kiua kwa kiua. Angalia usimkunjie."