Mchawi wa Mguu wa Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya choo cha wafanyakazi wa mgodi, Albertine alipandisha kitenge chake akaufunga mguu wa kushoto kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Alizungusha mara tatu chini ya goti, akakaza kwa meno. Wanawake wote waliochagua mawe walifunga hivyo. Walisema mpira unazuia damu isishuke na kujaa miguuni, na kwa kuwa miguu ilivimba hata hivyo, kila mmoja alikaza kuliko jana.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mkanda wa mashine unapita na mawe. Mwanamke anasimama kando yake juu ya saruji, anaokota lenye shaba, la kijani, anaacha lisilo kitu. Hivyo hivyo kwa muda wa saa kumi. Anayeketi anaandikwa hakuja kazini. Kanuni hiyo ilitungwa na Clovis, mkuu wa wafanyakazi, naye aliitunga akiwa amekaa. Kiti chake cha ofisini, cha kuzunguka, kilikuwa bado kimevikwa nailoni ya dukani, mwaka wa tatu sasa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Clovis alishiba kukaa.

Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, mshipa mmoja juu ya kifundo cha Albertine, uliokuwa umejikunja kama nyungunyungu, ulipasuka. Hakusikia maumivu. Alisikia buti likijaa maji ya moto, akatazama chini, ikawa damu. Mamie, mwenzake wa upande wa kulia, alipiga kelele, wakamkokota hadi zahanati ya kampuni.

Élysée, muuguzi, alimlaza, akauinua mguu juu ya katoni, akabana jeraha kwa kitambaa mpaka damu ikakoma. Kisha akauona mpira. Aliukata kwa mkasi, kwa hasira.

"Nani alikufundisha hii?"

"Shiye bote tunafungaka. Juu damu isishuke."

"Kushuka, damu inashukaka bila shida, mamu. Kupanda njo inashindwa. Ndani ya mishipa muko tumilango. Damu inapita, tumilango tunafunga nyuma yake, isirudie chini. Kama unatembea, mukulu, muguu yako, inaisukuma yulu. Kama unasimama fasi moya siku muzima, tumilango tunachoka, damu inabakia kule kule. Na weye unaifungia njia!"

Albertine aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Ngozi juu ya kifundo ilikuwa imegeuka kahawia, ngumu, inawasha usiku na mchana. Kule Kikula, mtaani kwake, majirani walishamwambia alikanyaga bwanga, dawa ya kichawi iliyofukiwa njiani, na kwa miezi miwili alikunywa mizizi michungu mpaka akatapika.

"Kumbe haina bwanga?"

"Bwanga gani? Ni varices, mishipa ya kuvimba. Ni kazi. Ukiendelea kusimama, kidonda itafunguka, na haitapona."

Akamwandikia karatasi: soksi za kubana, kuinua miguu akilala, na kazi ya kukaa. Albertine aliishika kwa mikono miwili. Kiti tu. Akipata kiti, mguu utabaki naye.

Ofisini kwake, Clovis aliisoma karatasi huku akijizungusha kidogo, kushoto, kulia.

"Poste assis," akasema, akacheka. "Mamu Albertine, hapa fasi ya kukaa iko moya tu. Unaiona?"

"Chef, minye naomba kiti kadogo tu. Mikono yangu iko mizima."

"Kama hauwezi kusimama, uko inapte, haufae kazi. Inapte anarudia kwake. Ao..."

Akafungua droo, akatoa fomu. Ilichapwa vizuri, kwa wino mweusi: Ugonjwa wa asili ya kimila. Maana ugonjwa wa kazi kampuni inapaswa kuutibu, na wa kimila kila mtu autibu kwao. Wenye kampuni, watu wa ndege na kompyuta, wasiomwamini mchawi hata mmoja, walikuwa wameagiza makaratasi ya uchawi katoni nzima.

"Unaandika kwamba ulikanyaga bwanga kule kwenu Kikula. Unasaini. Leo leo unarudia mu kazi."

"Lakini infirmière anasema ni kazi njo inaleta."

"Infirmière, contrat yake inaisha huu mwezi." Alisema bila kuinua sauti. "Saini. Na hapa chini, auteur. Nani alikutegea? Bila jina, dossier haiingie."

Albertine alijua kutaja jina huleta nini. Mwaka uliopita, mtaani kwao, bibi mmoja alitajwa mchawi kwa mdomo tu, wakamrushia mawe na kuezua bati zake zote mvua ikinyesha. Hili lingekuwa na muhuri. Alifikiri juu ya mama mkwe wake, juu ya jirani, akaona haya kwa kufikiri tu. Akatafuta mtu ambaye mawe hayawezi kumfikia. Lisilo budi hutendwa. Akaandika: Germaine.

"Germaine ni nani kwako?"

"Mamu yangu."

"Angali muzima?"

"Alikufwa."

"Bon," akasema Clovis, akagonga muhuri. Germaine, aliyeongoza rozari parokiani miaka ishirini, akawa mchawi wa kampuni kwa pigo moja.

Albertine alitoka akichechemea, kitambaa kimeanza kulowa tena. Aliichukia ile kalamu, akajichukia mwenyewe. Mlangoni alipishana na Mamie. Naye alikuwa amemwonyesha Élysée miguu yake, naye alikuwa na karatasi mkononi, mpya kabisa. Albertine alitaka kumwambia airarue. Kabla hajafumbua mdomo, Clovis alikwisha kumwita.

Mlango haukufungwa. Albertine aliegemea ukuta, akasikia kicheko kile kile, droo ile ile, swali lile lile.

"Chef," sauti ya Mamie ikasema, "minye bantu bangu bote bangali bazima."

"Basi uko na chance," akajibu Clovis, akamsogezea kalamu. "Weye unaweza kuchagua."