Namba Iliyotumwa kwa Hiram

Wakhungu na Hiram walifungua chumba cha gemu pale Otonglo wakiwa chanda na pete, wakaja kuachana kwa sababu ya duka la mtandaoni. Ukisikia hivyo utacheka. Wao hawakucheka.

Hiram alipenda duka dogo, lile linalokuachia faili la gemu ulihifadhi kwenye diski yako, likawa lako hata mtandao ukikatika. Wakhungu alipenda duka kubwa: bei hushuka kila sikukuu, na programu yake moja hufungua gemu zote, mradi umeingia kwa akaunti. Walibishana wiki nzima. Siku ya mwisho, mbele ya wateja, Wakhungu akaropoka, "Nyinyi watu wa Nyeri mnataka kufungia kila kitu kabatini, hata gemu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hiram, mzaliwa wa Nyeri, alikubali duka kubwa, akaandikisha akaunti kwa namba ya simu yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kadi ya benki. Mwezi huohuo akahamia Port Victoria kuuza vipuri vya injini za boti.

Miaka miwili Wakhungu hakumpigia. Alijua amekosa, na kila alipoishika simu aliona haya. Ulimi uliokuwa mwepesi kutukana ulikuwa mzito kuomba radhi.

Jumamosi moja kompyuta kuu iliungua. Alipowasha mpya, programu ikasema imetuma namba ya siri kwa simu ya mwenye akaunti, iandikwe ndani ya dakika tano. Wateja walikuwa wamejaa. Wakhungu alifurahi kimoyomoyo, maana sasa alikuwa na sababu ya kupiga. Angeomba namba kwanza, msamaha baadaye.

Simu ilipokewa na Gakenia, mke wa Hiram.

"Shemeji, ni Wakhungu. Nipee Hiram kidogo, kuna namba imeingia hapo kwa simu."



"Hiram tulimzika Aprili," Gakenia akasema. "Nilitaka kukuita akiwa mgonjwa, akakataa. Akaniambia nisizime hii laini. Alisema hiyo programu yenu itaitisha namba siku moja, na wewe mwenyewe utapiga."

Akasoma tarakimu sita polepole, akazirudia. Wakhungu alishika kalamu na hakuandika kitu. Kwenye kioo cha kompyuta, dakika tano zikaisha.

"Umeandika?" Gakenia akauliza.

"Wacha namba, shemeji. Mlimzika wapi?"