Bilauri ya Perlita

Crisanto Villaruz alikuwa fundi lifti, lakini pale karakana kwao Makati hawakumsifia lifti. Walimsifia kujua pa kunywa. Kuna zile saa za jioni ambazo baa za Manila, zisikae tupu, hukuuzia kinywaji kimoja zikakuletea viwili. Saa hizo Crisanto alizijua kama padri ajuavyo misa zake. Alijua nani anakamua kalamansi mbichi, zile ndimu ndogo za kwao, na nani anakoroga unga wa pakiti. Alijua wanaojaza barafu mpaka ramu inabaki jina tu.

Zamani uchunguzi huo aliufanya na mwenzake Bogs. Wakitoka kazini waliingia vichochoroni kunusanusa, wakibishana njia nzima. Kisha Bogs akahamia Davao kwa wakweze. Crisanto akaendelea peke yake, maana nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza mbona umechelewa. Mkewe, Perlita, alikuwa muuguzi Ayalandi. Binti yao alikuwa na mji wake Cebu.

Ijumaa moja ya joto, joto lile la kabla ya mvua ambalo shati linakuwa ngozi ya pili, alipita chini ya baa mpya iliyokuwa juu ya duka la dobi. Ngazini palinukia maganda ya kalamansi. Hakuhitaji kushawishiwa.

Mlangoni alisimama mhudumu, binti mchangamfu aliyevaa beji yenye jina Rizalyn.

"Wangapi, kaka?"

"Ni mimi huyu tu."

Rizalyn akageuka kutazama kaunta. Imejaa. "Saa hizi meza hatumpi mtu mmoja, bosi atanitafuna mzimamzima. Au kuna mtu unamngoja?"

Crisanto alikuwa amechoka, na harufu ile ilikuwa imeshamkamata. "Namngoja," akasema.

Akapewa meza ndogo ya viti viwili. Vinywaji vikaja, bilauri mbili zinatoka jasho, moja mbele yake, nyingine mbele ya kiti kitupu. Akaonja. Kalamansi ilikuwa mbichi, ramu haikuonewa haya, na sukari ilikaa nyuma kama mgeni mwenye adabu. Akainua kichwa amwambie mtu, "Hii ndiyo yenyewe!" Mbele yake palikuwa na kiti.

Rizalyn alikilinda kiti hicho kama mbwa wa getini. Kila aliyekuja kukiomba alifukuzwa. "Kina mwenyewe hicho!" Na kila alipopita aliinama kidogo. "Hajafika tu, kaka?"

"Yuko njiani."

Meza ya jirani walikaa wanawake wa ofisi moja, wanamuaga mwenzao anayehama nchi. Walikuwa wameshachangamka. Kiongozi wao, mama mnene aliyeitwa Marivic, alikuwa akimtazama Crisanto muda mrefu, na hatimaye akashindwa kujizuia.

"Kaka, pole. Umeachwa kwenye mataa!"

"Na yenyewe mekundu!" akadakia mwingine. Meza ikalipuka kwa kicheko.

"Ni nani anayekufanyia hivi? Mchumba?"

"Mke wangu," akajibu Crisanto. Ndilo lililomjia mdomoni, na kwa kuwa hakuwa na mwanamke mwingine duniani, sauti haikumtetemeka.

"Mke! Tena mke wa ndoa! Hebu mpigie tumpe vipande vyake."

"Mwacheni tu. Ana kazi."

Lakini simu alikuwa ameishika mkononi, amejifanya anasoma ujumbe, na jina la Perlita lilikuwa juu kabisa. Marivic akanyoosha mkono akabonyeza. Crisanto hakumzuia. Aliwaza kwamba kule ni asubuhi, Perlita yuko wodini, simu italia mpaka ichoke.

Perlita akapokea. Uso wake ukatokea, amevaa sare, nyuma yake dirisha lenye mwanga wa kijivu.

"Dada!" Marivic akamvaa bila salamu. "Wewe ni mke gani? Mumeo amekaa hapa kama mkiwa, kinywaji chako kinageuka mto! Uko wapi?"

Macho ya Perlita yakatoka kwa Marivic, yakapita kwenye zile nyuso zinazocheka, yakamfikia Crisanto, yakashuka kwenye bilauri. Crisanto akatikisa kichwa taratibu. Alitaka ardhi immeze.

"Jamani nisameheni," akasema Perlita. "Niko kwenye foleni. Ya leo si mchezo."

Wakapiga makofi. "Foleni ya barabara ya EDSA hiyo!"

"Ndiyo hiyohiyo. Mwambieni anywe na cha kwangu, nisije nikakuta maji."

"Lakini unakuja?"

"Nakuja." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Santo, umekula?"

"Nimekula."

Mtu akamwita kwa nyuma, na picha ikakatika.

Marivic akarudisha simu, ameridhika. "Mke mzuri huyo. Msamehe." Akageukia wenzake na sahani yao ya nyama ya nguruwe iliyokuwa bado inafuka moshi. Aliyebaki amemkazia macho Crisanto ni yule binti aliyekuwa akiagwa, Gemma, anayekwenda Kanada kulea watoto wa watu. Alisogeza kiti.

"Kaka," akanong'ona, "mimi nimeona koti la baridi limetundikwa nyuma yake."

Crisanto akachukua karanga, hakuila.

"Aliondoka lini?"

"Aliniaga kwa miaka miwili."

"Na sasa?"

"Mtoto aliyemwacha shule ya msingi tumeshamwoza."

Gemma alikuwa na watoto wake wawili nyumbani, wamebaki na bibi yao. Alimshika Crisanto kiganja, akakiachia, akarudi kwa wenzake. Crisanto akamsikia akicheka pamoja nao, kicheko cha kuchelewa kidogo.

Simu ikatikisika. Perlita ameandika: "Hao kina nani?"

"Majirani wa meza."

"Wana raha." Kisha: "Kalamansi ya kweli au ya unga?"

"Ya kweli."

Perlita akausoma ujumbe. Akatoka hewani, wagonjwa walikuwa wakimngoja.

Crisanto akainywa ile bilauri ya pili. Barafu ilikuwa imeshaimaliza, imebaki ladha ya ganda. Aliinywa yote.

Alipokuwa anashuka ngazi, Rizalyn alimkimbilia. "Wiki ijayo mlete, kaka! Nitawawekea meza ile ya dirishani."

"Nitamleta," akasema.

Hakurudi. Ilikuwa baa bora kuliko zote alizopata kuziona mjini, na ndiyo pekee ambayo hakuweza kupanda ngazi zake, kwa kuwa humo alikuwa na mke anayetarajiwa kufika. Mafundi vijana walipomuuliza pa kwenda Ijumaa, aliwaelekeza huko, akawasifia mpaka mikono ya anayekamua. Wakamwambia, "Basi twende wote, kaka." Akawajibu kuwa ana lifti ya kumalizia Mandaluyong, akachukua mkoba wake wa spana, akaelekea upande wa pili wa barabara.