Wifi Yangu Aliipima Mashine

Wifi yangu, fundi cherehani, alikuwa anameza dawa za presha siku kichwa kinapomuuma tu. "Sisikii chochote, wifi," ananiambia. "Dawa ni za wagonjwa kama wewe!" Mimi roho juu, naogopa kiharusi kitamwangusha palepale kwenye cherehani.

Leo nikamburuta mpaka zahanati, uzi bado umemning'inia begani. Nesi akampima, akakunja uso, akampima tena. Presha iko juu sana!

"Mashine mbovu hiyo," wifi akasema. "Hebu jipime wewe."

Nesi akajipima. Sawa kabisa.

"Wewe bado kijana. Mpime na huyu bibi mwenye kelele!"

Nikatoa mkono. Na mimi sawa, maana nameza zangu kila siku! Nikapiga vigelegele mpaka waliokuwa kwenye foleni wakachungulia.

Wifi hakucheka. "Nesi, kumbe naweza kuanguka hivihivi, kichwa hakiniumi?"

"Ndiyo, mama. Presha haisubiri kichwa kuuma."

Akapekua mkoba, akatoa dawa, akanigeukia. "Wewe mwanamke, unashangaa nini? Niletee maji!"

Nikakimbia kama msichana.