Homa Iliyoandikwa Kwenye Chupa

"Umempa mara ngapi?" daktari aliuliza.

"Mara mbili, tatu hivi," Njoki akajibu, na uso ukamchoma, maana ulikuwa uongo mtupu.

Mwanawe Wanyoike, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amemlalia kifuani. Pumzi bado ilimtoka kwa mluzi, ingawa dawa ya mvuke ilikuwa imemtuliza kidogo. Asubuhi ile Njoki na mama mkwe wake walikuwa wamemleta mbio kwenye kliniki ya Daktari Indu, hapa Nakuru, midomo imeanza kubadilika rangi.

Daktari aliinua ile chupa ya parasetamoli ya watoto iliyotoka kwenye mfuko wa Njoki, akaitikisa.

"Hii ulinunua lini?"

"Juzi."

"Na imeisha?"

Mama mkwe hakungoja. "Daktari, usidanganywe. Kamasi ikitoka tu, kijiko. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Tangu tukiwa Molo, hata kabla hatujakimbia vita vya uchaguzi. Mimi nilimwambia, huyu mtoto atamaliza duka la dawa."

"Mwalimu, sikuulizi ili nikuchape," Daktari Indu alimwambia Njoki. "Dawa hii ikizidi huumiza ini, nataka kujua kama nitampima."

Hapo Njoki akasema kweli. Alisema tangu mtoto akiwa na miezi mitatu, baridi ya Molo ikimtoa kamasi mfululizo, alimpa karibu kila siku. Chupa yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili kizuri: ya maumivu na homa. Naye mtoto alikuwa na homa.

"Joto lilifika ngapi?"

"Hakuwa na joto. Alikuwa na homa tu. Kamasi na kupiga chafya."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Hayo ni mafua, mwalimu."

Njoki alitamani sakafu impasukie. Yeye, mwenye diploma ya ualimu wa Kiswahili! Kila Januari aliandika maneno hayo mawili ubaoni, mafua huku, homa kule, akapiga mstari katikati. Kipkoech wa darasa la saba aliwahi kuandika kwamba homa ilimtiririka puani, akasomewa mbele ya wenzake mpaka wakashika mbavu. Lakini nyumbani Njoki alisema kama Molo nzima inavyosema, mafua yakiitwa homa, na ile chupa aliisoma kwa sikio la sokoni.

Mama mkwe alicheka hadi leso ikamteleza begani. "Na si ni wewe hunisimamisha nikisema kiti yangu? Kiti changu, mama, kiti changu! Haya, mwalimu wa kiti."

Njoki alimfunika mtoto miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari.

Vipimo vilipotoka, ini lilikuwa salama. Lakini ule mluzi wa kifua, daktari alisema, ulikuwa pumu.

"Ni mimi niliyemletea?" Njoki aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya," daktari alisema. "Kuna utafiti umetoka mwaka huu. Watoto waliopewa sana dawa hii mwaka wa kwanza walionekana kupata pumu zaidi. Lakini huenda ni vile vifua vyao vilikuwa vibovu tangu mwanzo, ndiyo maana wakapewa. Akipata joto kali au maumivu, mpe, kwa kipimo chake. Kamasi, pangusa."

Nje, kwenye benchi la kungojea dawa, mama mkwe alimsogelea. Hakuwa akicheka tena. Mtoto huyu alibeba jina la babu yake, marehemu mume wa mama mkwe.

"Mama Wanyoike, mwanangu Gachanja akitoka kazini utapiga magoti umwombe msamaha. Umemharibia mtoto kifua."

"Nitamwambia yote, mama. Vijiko vyote, na uongo niliomwambia daktari."

"Na msamaha?"

Njoki alihisi wagonjwa wawili wakigeuka kumtazama. Aibu ilikuwa imemjaa, na alijua itakaa naye muda mrefu.

"Msamaha sitaomba. Gachanja alinikuta nikishika kijiko kila jioni, hakuwahi kuuliza ni cha nini. Nilikosea kusoma, na aibu ninayo. Lakini nilikuwa namtibu mtoto wangu, mama. Kwa hilo simwombi mtu msamaha, si yeye, si wewe."