Ubeti wa Bomba Kavu

Malenga Bi Cherehani hakutunga kwa kalamu. Alitunga akishona, akighani kila ubeti huku mguu ukikanyaga cherehani, na mafundi wenzake wakiitikia mpaka nguo iishe.

Siku ya kuzindua bomba la maji la mtaa, afisa alimvuta kando ya jukwaa, akamwambia kwa uso mkavu, "Mama, ule ubeti wa bomba kavu uache. Mgeni rasmi ataudhika."

"Bomba lenu halijatoa hata tone, mwanangu, halafu wa kuudhi ni mimi?"

"Ukiutamka, jukwaa hili hulipandi tena."

"Haya, siutamki."

Afisa akashusha pumzi. Bi Cherehani akapanda, akaghani vizuri, lakini alipofika kwenye ubeti ule akafunga mdomo. Akamkazia macho mgeni rasmi, na mguu wake ukaanza kukanyaga mbao za jukwaa, taratibu, kama yuko kwenye cherehani.

Mafundi wenzake pale uwanjani waliujua mguu ule. Wao wenyewe wakauanza ubeti ule, wateja wao wakadakia, mara uwanja mzima ukawa unanguruma.

Afisa akapanda mbio. "Mama, uliahidi!"

"Mdomo wangu nimeufumba," alisema. "Nenda kaizibe ile mingine."